Tundu la Mbele

Jumamosi, mwezi kumi na mbili Shaabani, mwaka 1301. Mvua imekatika tangu juzi, kusi imeanza kuvuma, na jua limetoka kali hata matope ya njiani yanafuka mvuke.

Ndivyo nilivyoandika katika daftari yangu siku ile, na chini yake nikaongeza: "Nimeosha maiti wa bunduki. Nina neno moyoni." Basi. Zaidi ya hapo niliogopa hata karatasi. Sasa mambo yamekwisha, na waliokuwa na haki ya kukasirika wamekasirika wakatulia, nami nataka kulieleza lile neno kwa urefu wake. Sina elimu kubwa. Nilisoma chuoni mpaka nikahitimu, nikajifunza kuandika kwa kunakili barua za watu, na kazi ya kuosha maiti niliirithi kwa baba. Nikikosea maneno, msomaji anisamehe.

Marehemu alikuwa mkulima wa minazi na mihogo, shamba lake kati ya Mbegani na Mlingotini. Alfajiri ya siku ile watu wa huko walisikia mlio mmoja wa bunduki. Hakuna aliyeshtuka. Nguruwe walikuwa wakiimaliza mihogo, na kila mwenye gobori alikuwa akiwafyatulia. Jua lilipopanda kidogo, ndugu mdogo wa marehemu akaja mjini mbio, kichwa wazi, analia. Kaka yake amelala kifudifudi shambani, na kiunoni, upande wa nyuma, pana tundu la kuingia ngumi.

Hata maiti hajafikishwa nyumbani, mwuaji amekwisha patikana. Marehemu alikuwa na jirani ambaye waligombania naye mpaka wa minazi mwaka mzima. Ijumaa iliyopita, watu wakitoka msikitini, jirani huyo alimwambia mbele ya wote: "Ukivuka mpaka wangu tena, utarudi kwenu juu ya mabega ya watu." Na asubuhi ile ile ya mlio, jirani alionekana njiani na gobori begani. Ndugu wa marehemu alipoulizwa kama ni yeye, aliinamisha kichwa. Haki ya Mungu, hakulitaja jina. Aliinama tu, watu wakamaliza wenyewe. Jemadari wa Liwali akamkamata jirani, akamtia gerezani kwa mnyororo. Kesi ikawekwa Jumatatu, na mjini palisemwa wazi kwamba mtu aliyempiga mwenzake risasi ya mgongo hana la kujitetea: roho kwa roho.

Hapa lazima niseme jambo ambalo mji mzima ulilijua. Huyo jirani alikuwa shemeji yangu. Alimwoa dada yangu, akakaa naye miaka minne, kisha akampa talaka tatu kwa siku moja, akamrudisha kwetu juu ya punda na kasha lake, na mlangoni akaita: "Pokeeni mzigo wenu, haukunifaa!" Mama alikuwa akipeta mchele barazani, ungo ukamwanguka. Mimi aliniita mkono wa maiti, akanicheka kila aliponiona sokoni. Kwa hiyo nilipoitwa kumwosha mtu ambaye ilisemwa yeye ndiye aliyemwua, sitaficha, moyoni nilisema: Mungu halali.

Basi tukamweka marehemu juu ya kitanda cha kuoshea, uani kwao, chini tumechimba ufuo, yaani lile shimo la kupokea maji. Ndugu yake alishika kata, akanimiminia. Nyuma tundu lilikuwa kubwa, kila mtu aliliona, nyama imetoka nje. Mbele hapana aliyetazama, maana kutoka kitovuni hadi magotini maiti hufunikwa nguo, na mwosha huingiza mkono chini ya nguo hiyo, mkono wenyewe umefungwa kitambaa, na macho anayapeleka kando. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa. Ndugu yake naye aligeuza uso ukutani.

Mkono wangu ulipofika kwenye kinena ukaingia mahali.

Kidole kimoja, si zaidi. Tundu dogo, ukingo wake umeingia ndani, na mdomoni pamekwama kitu kama nyuzi. Nikavuta, kikatoka na kitambaa. Makumbi ya nazi, yamelowa damu, yamekolea weusi wa baruti. Kwa desturi, kitambaa cha kuoshea hakirudi tena kwa watu, nikakitupa ufuoni. Kikoi cha marehemu, tulichomvua kimejaa damu na tope, kilikuwa kimekwisha tupwa humo. Tukamvika sanda, tukamtia karafuu maiti, tukaufukia ufuo, tukaenda kuzika.

Njiani kurudi ndipo akili yangu ilipoamka, maana mimi ni mtu wa kuchelewa. Nilikwisha waosha watu wa bunduki watatu kabla ya huyu, na wote risasi iliingia kwa tundu dogo ikatoka kwa kubwa. Basi huyu hakupigwa mgongoni. Alipigwa mbele, chini, na risasi ikapanda ikatokea kiunoni. Na mtu aliyepigwa mbele alikuwa anamtazama aliyempiga. Maneno ya mji mzima yalikuwa yamegeuka nyuma mbele, na aliyejua ni mkono wangu peke yake.

Lakini mwosha hasemi. Baba alinifundisha hilo kabla hajanifundisha kushika kata: ulichokiona juu ya kitanda kile kinakwenda kaburini nawe. Tena tundu lenyewe lilikuwa pasipotazamwa. Nikakaa nyumbani chakula kinapoa mbele yangu, nikijiuliza: nanyamaza kwa amana ya maiti, au nanyamaza kwa sababu ya punda na lile kasha? Wallahi mpaka leo silijibu vizuri.

Dada yangu akaniona. Akasema, "Kaka, una nini? Umekalia mwiba?"

Nikamwuliza, "Kama kungekuwa na neno la kumtoa yule mtu gerezani, ungetaka lisemwe?"

Alikuwa anachambua mchele. Hakuinua macho. "Mimi nilimwomba Mungu amwaibishe," akasema. "Sikumwomba amchinje. Mungu anajua kutenganisha. Wewe ndiye unayechanganya."

Asubuhi ya Jumapili nikaenda kwa kadhi. Mzee mwembamba, mwenye macho mabovu na masikio mazuri. Nikambusu mkono, nikaanza kuzunguka: maiti ana siri, mwosha ana amana, je, ikiwa mtu ameona jambo, yaani hakuliona, aliligusa...

"Sema, mwanangu," akasema kadhi, "kabla adhuhuri haijaingia."

Nikasema. Akaniuliza, "Siri ya maiti ni nini?"

"Ni aibu yake, shekhe."

"Kupigwa risasi ni aibu?"

"Si aibu."

"Basi unamfichia nani?"

Nilijiona kama mtoto aliyefumbia ngumi kitu, akafunguliwa vidole, hamna kitu. Kadhi akaendelea: "Lakini mkono wako ni shahidi mmoja, tena ulivaa kitambaa. Na watu watasema umehongwa."

"Na shemeji yangu wa zamani?" nikasema. "Watu wote wanajua nilivyo naye."

Akacheka. "Hilo ndilo litakalokufaa. Lakini halitoshi. Kaburi silifukui kwa ajili ya neno la kidole. Kuna nini kingine?"

Ndipo nikakumbuka ufuo.

Tukaenda, kadhi juu ya punda wake, mimi kwa miguu, na jemadari na askari wawili na majembe. Jemadari alikuwa mtu wa vita, ndevu nyekundu za hina, ana maneno machache na yote makali. Njia nzima alininung'unikia: "Mwosha amekuwa Liwali. Kesho mchimba kaburi atakuwa kadhi." Kule nyumbani tukapiga hodi, mjane akakaa ndani kwa eda yake, na ndugu wa marehemu akatupokea uani. Kadhi alipomwambia tunakuja kufukua ufuo, akajibu, "Fukueni, shekhe," macho yake juu ya jembe. Nilidhani ni msiba.

Kikoi kilitoka kimejikunja kama gome. Nikakifua kwa mikono yangu, maji matatu, nikakitandaza juu ya ukuta, juani. Nyuma kimepasuka vibaya. Mbele, pale upindo unapokutana, tundu moja dogo la mviringo, na pembezoni mwake uzi umeungua, umekuwa mweusi. Kadhi alikileta karibu na pua akanusa. "Baruti," akasema. Kisha tukapata kitambaa changu, na yale makumbi yamekigandia.

Kwa haki lazima niseme, makumbi hayakumtaja mtu. Pwani nzima hushindilia bunduki kwa makumbi. Lakini jemadari alipoyaona aliacha kuninung'unikia. Akayaviringisha kidoleni, akachukua bunduki yake, akaishindilia baruti na makumbi matupu, bila risasi, akamwamuru askari asimamishe mkeka mkongwe penye mnazi. Akarudi nyuma hatua kumi, akafyatua. Tukaenda kutazama: makumbi yameanguka mchangani katikati ya njia. Akashindilia tena, akasimama hatua tatu. Safari hii makumbi yalipiga mkeka yakakwama humo humo, na pembeni pakaungua.

"Hatua tatu," akasema jemadari. "Pengine nne. Aliyempiga alikuwa karibu hata kumtemea mate." Akanigeukia. "Mwosha, leo umeniamsha."

Sitasahau neno lile. Katika maisha yangu watu walikuwa wakinipisha njia kwa kuogopa mikono yangu, na leo mtu wa bunduki ananiambia nimemwamsha. Nikainama nisionekane uso.

Ikabaki shamba. Ndugu wa marehemu akatangulia kutuonyesha mahali. Njia ile ilipita kati ya mihogo michanga, urefu wake haujazidi goti. Nami nilikuwa nyuma yake. Tulipokaribia mahali penye doa la damu, akainua mguu wa kulia juu, kama mtu anayevuka kizingiti, akaushusha mbele, akaendelea. Nikatazama chini. Hapakuwa na kitu. Wala gogo, wala mwiba, wala jiwe. Njia tupu.

Nikajiambia, labda ana kidonda unyayoni.

Nyuma ya doa la damu, hatua nne hivi, ulisimama mnazi, na kifuani pake, yaani kimo cha kifua cha mtu, pana jeraha jipya linalotoa utomvu. Jemadari akachokoa kwa jambia, risasi ikatoka, imebabatana kama sarafu. Kisha akafanya jambo la akili sana, nami namsifu kwalo. Akachukua kamba ya kumbi, akabana ncha moja kwenye lile tundu la mnazi, akamsimamisha askari wa kimo cha marehemu juu ya doa, akaivuta kamba ipite kinenani pake, kisha akaendelea nayo mbele. Kamba ikashuka, ikashuka, mpaka ikafika katika mihogo, chini ya goti. Pale majani yalikuwa yameungua ncha. Na ardhini palikuwa na vishimo viwili, kama vya vijiti vilivyong'olewa.

"Alipiga goti hapa," akasema jemadari. "Akainamisha bunduki, akamngoja."

Kadhi akaniuliza, "Wewe waonaje?"

Nilitaka sana kukubali, nipate kunyamaza. Lakini nikasema, "Shekhe, mihogo hii haimfichi hata kuku. Marehemu alikuwa anaona mbele. Angemwona mtu amepiga goti hatua tatu mbele yake, angesimama, angekimbia, angepiga kelele. Tundu lilikuwa mbele kabisa, la mtu anayetembea tu, asiyegeuka kukimbia." Kisha nikaongeza, maana haki ni haki: "Lakini kulikuwa na giza la alfajiri. Labda hakuona. Siwezi kuapa."

Jemadari akaruka. "Basi yule wa gerezani anaweza kuwa yeye!"

"Anaweza," nikasema.

Na kweli angeweza. Kikoi, makumbi, risasi, kamba, vyote vilisema palipotoka risasi, wala hapana kilichosema nani. Mtu wa gerezani alikuwa bado na mnyororo wake, na kesho ni Jumatatu. Nikatazama tena vile vishimo viwili. Kutoka hapo, mtu akifunga ugwe, yaani kamba nyembamba ya mtego, ungeikata njia mahali gani? Nikaufuata kwa macho. Ungeikata pale pale mguu ulipoinuka.

Sikumwambia kadhi. Mguu wa mtu si ushahidi, na mimi kwa macho yangu nimekosea mara nyingi. Nikamwendea yule ndugu, alikuwa amesimama mbali kidogo ameushika mnazi. Nikamwambia polepole, "Ndugu yangu, umeruka nini pale njiani?"

"Niliruka?"

"Umeinua mguu. Hapana kitu pale."

Akatazama njia. Nikaona uso wake unavyotafuta uongo, ukakosa. Akaketi chini.

"Niliutega jioni," akasema. "Bunduki ya mtego, kwa nguruwe. Nilisema nitamwambia asubuhi. Akanitangulia."

Mitego ya bunduki majumbe walikwisha ipiga marufuku kwa mbiu, tangu mpagazi mmoja alipovunjwa mguu njia ya Kerege. Kwa hiyo aliutega kwa siri, ugwe ukikata njia ambayo nguruwe walikuwa wakipita, na kaka yake akaamka mapema kuliko siku zote. Alipofika akamkuta, aling'oa vijiti, akaukunja ugwe, akalificha gobori darini jikoni, ndani ya makuti, ndipo akakimbilia mjini.

"Sikumtaja jirani," akasema. "Watu walimtaja, nikainama."

"Kuinama kwako kungemwua."

"Najua. Tangu jana sijameza mate yakapita."

Nikamwambia, "Mimi sitasema. Mwenye kusema ni wewe. Kadhi yule pale."

Akawa anachota mchanga na kuumwaga. Nilisikia makuti yakigongana juu yetu. Nilianza kufikiri nimeharibu, kwamba ningeita watu, kwamba sasa ataamka akimbie na mimi nitakuwa mjinga wa mji. Akaamka. Akajipangusa mchanga, akaenda hadi kwa kadhi, akapiga magoti, akasema maneno yale yale, kwa sauti ya kusikika na askari wote. Gobori likaletwa kutoka darini, ugwe bado umefungwa kwenye mtambo wake. Jemadari akatia kidole katika kasiba, yaani mdomo wa mtutu, kikatoka cheusi.

Jumatatu baraza la Liwali lilijaa hadi uwanjani. Niliitwa nisimame niseme. Nilipofika penye neno la kinena nikasitasita, kadhi akaniokoa, akasema, "Chini ya kitovu, inatosha." Mtu mmoja nyuma akapaza sauti: "Si huyu ndiye shemeji yake?" Kadhi akajibu, "Ndiye. Sasa niambieni, ni nani mjini hapa mwenye sababu kubwa zaidi ya kunyamaza?" Pakatoka kicheko kikubwa, na baada ya kicheko sikuona uso hata mmoja usioamini.

Kadhi akahukumu kwamba ni kuua kwa kukosea, na juu ya ndugu yule kuna saumu ya miezi miwili mfululizo, na haki za warithi, yaani diya, wasipomsamehe. Mama yao akaletwa, amefunikwa ushungi, akasema, "Nimezaa wawili, nimezika mmoja. Huyu niachieni." Mjane akapeleka neno kuwa naye amesamehe. Mwenye kosa akalia kwa sauti, na nadhani ndiyo mara ya kwanza alipolia msiba wake kama msiba.

Kisha mnyororo ukafunguliwa mbele ya watu. Sauti ya chuma ikianguka juu ya sakafu ya baraza, naisikia hata sasa. Wanawake nje wakapiga vigelegele, na watu wale wale waliosema roho kwa roho wakamnyanyua mabegani. Akarudi kwake juu ya mabega ya watu, kama alivyomwapizia mwenzake, ila yeye akiwa hai.

Aliponiona akawaambia wamshushe. Akaja, ananuka jela, amekonda siku mbili tu.

"Mkono wa maiti," akasema, "nilidhani utaniosha mimi."

"Nafasi bado ipo, shemeji."

Neno hilo lilinitoka bila kukusudia. Akacheka, nami nikacheka, kisha akaacha kucheka, akashika ule mkono ambao watu hawaushiki, akaushika kwa mikono yake miwili, mbele ya mji mzima. Hakusema ahsante. Hakuomba radhi kwa punda na kasha. Lakini aliushika muda mrefu, na sitaki kumpunja: ulikuwa muda mrefu sana.

Kabla ya magharibi akaleta jogoo mkubwa mwekundu, amefungwa miguu kwa kamba ya kumbi. Mama akasema arudishwe. Dada yangu akamtwaa mbawa, akampima uzito.

"Asirudishwe," akasema. "Miaka minne nilimpikia jogoo, firigisi anakula yeye. Leo atajua nani mwenye nyumba."

Ilikuwa usiku wa nusu Shaabani, majirani wanasoma Yasini. Tulikula wali wa nazi, jogoo wa mchuzi mzito, na kachumbari ya ndimu. Mama alipewa paja, mimi shingo na kidari, na firigisi dada yangu aliila mwenyewe, polepole, akaramba vidole.